Milango ilifunguliwa, nyoyo zikabaki zimefungwa



Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumependelea kuzungumzia jambo lililomo ndani ya nyumba nyingi, lakini halitajwi. Jambo hilo ni athari ya kufungiwa katika akili na nyoyo za watu wazima, kuanzia pale maradhi ya Korona yalipoingia katika nchi zetu. Habari za watoto zilisemwa sana, kwa sababu shule zilifungwa na kila mzazi aliona kwa macho yake. Ama baba na mama, hao walionekana ni watu wazima wenye kujimudu, na ni wachache waliowauliza hali.

Itakumbukwa kuwa mgonjwa wa kwanza hapa Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Kesho yake Serikali ikatangaza kufunga shule, na wanafunzi wengi hawakurejea madarasani hadi tarehe 29 Juni. Hata hivyo, misikiti na makanisa havikufungwa, wala watu hawakukatazwa kutoka majumbani mwao. Majirani zetu walikuwa katika hali nyingine. Kenya iliweka amri ya kutotembea usiku tangu tarehe 27 Machi, 2020, na haikuiondoa mpaka Oktoba 2021. Jiji la Nairobi nalo lilifungwa, watu wasiingie wala wasitoke, tangu tarehe 6 Aprili hadi mapema Julai 2020. Misikiti ya huko ilipoanza kufunguliwa mwezi huo wa Julai, waliopindukia umri wa miaka 58 walitakiwa wabaki majumbani. Na tumfikirie mzee aliyezoea kusimama safu ya mbele kwa miaka arobaini, akiisikia adhana na huku haruhusiwi kuiitika kwa miguu yake.

Mwezi Machi 2022, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa katika mwaka wa kwanza wa janga hilo, maradhi ya wasiwasi na sonona yaliongezeka ulimwenguni kwa asilimia 25. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni upweke wa kutengwa na watu, hofu ya kuugua, kufiwa, na dhiki ya fedha.

Huenda msomaji wetu wa Kasulu au Kibondo akauliza: Sisi hatukufungiwa, mashamba tulilima na masoko tulikwenda, basi haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu, tena kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kwamba mlango wa jirani ukifungwa, nawe unakuwa umefungiwa nje. Tunaye ndugu yetu mmoja wa Kasulu, mfanyabiashara wa maharage, ambaye kaka yake wa tumbo moja alikuwa akiishi Nairobi. Tarehe 16 Mei, 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa wasafiri, magari ya mizigo tu ndiyo yakiruhusiwa. Siku chache baadaye kaka yule akafariki. Ndugu yetu hakumwosha, hakumswalia, wala hakutia udongo kaburini. Mazishi aliyasikia katika simu, akiwa amekaa kwenye gunia dukani kwake.

Miezi ilipita, akatujia baada ya swala ya Isha. Akasema: "Shehe, mimi moyo wangu haujakubali kwamba amekufa. Usingizi hauji, na nikiona watu natamani kujificha." Nasi tukamjibu kwa haraka kwamba asubiri, azidishe uradi, na ajue kuwa huzuni ya kupita kiasi ni udhaifu wa imani. Akashukuru, akaondoka. Baada ya hapo hatukumwona tena msikitini, hata siku ya Ijumaa.

Tunakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba tulikosea. Subira ni haki na uradi ni haki, lakini yule bwana alitujia na ugonjwa, sisi tukamrudisha nyumbani na lawama. Tulizinduka siku mkewe alipokuja kutuambia kuwa mumewe ameanza kusema kwamba watoto wangekuwa na raha zaidi yeye asingekuwapo. Siku hiyohiyo alipelekwa hospitali, na daktari akaeleza kuwa ana sonona. Alipewa dawa, akapangiwa siku za kwenda kuzungumza na mtaalamu. Nasi wa msikitini tukafanya lililochelewa: tulikwenda kukaa naye kama watu wanavyokaa na mfiwa, tukamwombea dua marehemu, na kila mmoja akamsikiliza akieleza habari za kaka yake. Alilia mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Leo duka lake liko wazi, Alhamdulillahi.

Njia ya pili ni nzito zaidi. Katika milima yetu hii walikuwapo watu ambao kwao kufungiwa hakukuanza mwaka 2020. Ukipita Makere unafika Nyarugusu, kambi iliyoanzishwa mwaka 1996 kuwapokea waliokimbia vita vya Kongo. Huko Kibondo, kambi ya Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, na asitoke ila kwa kibali. Katika miaka ya 2018 na 2019 masoko ya pamoja, ambamo mkimbizi na mwenyeji walikuwa wakiuziana unga, maharage na vitambaa, nayo yakafungwa. Kisha ndipo Korona ikaja. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ilipoanzishwa alikuwa na umri wa miaka 24 wakati dunia nzima ilipoanza kulalamikia kukaa ndani kwa miezi mitatu. Hatusemi haya kwa kuhukumu siasa za nchi, kwani nchi yetu imewapokea wageni wengi kuliko wengi waliotajirika kutuzidi. Tunasema ili tuelewe: ikiwa miezi michache iliwaumiza watu wa miji mikubwa wenye chakula na runinga, basi miaka humfanya nini baba asiye na kazi wala ruhusa ya kuitafuta?

Wataalamu wa afya ya akili wanatufahamisha jinsi maumivu hayo yanavyoingia. Kwanza, siku hupoteza mpangilio wake, asubuhi ikawa sawa na jioni, na usingizi ukaharibika. Pili, mwanamume aliyezoea kuleta mkate nyumbani hujiona hana thamani, na mara nyingi huzuni yake hutoka kwa sura ya hasira. Tatu, mwanamke hubeba hofu ya watu wote, naye hana pa kuitua yake. Nne, msiba usiokaliwa matanga hubaki moyoni kama donda lisilooshwa.

Ndugu Waislamu, mafundisho ya dini yetu hayapingani na kujitenga wakati wa maradhi. Sayyidna Umar (R.A) alipokuwa njiani kwenda Shamu, katika mwaka wa 18 Hijria, alipata habari za tauni ya Amwas. Abdurrahman bin Awf (R.A) akamweleza mafundisho ya Mtume (S.A.W), kwamba penye tauni pasiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Umar akarejea Madina. Alipoulizwa na Abu Ubayda (R.A) kama anaikimbia kadari ya Allah, alimfahamisha kuwa kurejea kwake nako kumo katika kadari hiyohiyo. Kwa hiyo kujikinga ni katika dini.

Lakini dini haikuficha kwamba kufungiwa kunaumiza. Makuraishi walipowasusia Bani Hashim, wakawabana katika bonde la Abu Talib kwa muda wa kiasi cha miaka mitatu, hawakuuziwa kitu wala kuozeshana nao, na njaa ikawafikisha kula majani. Walipotoka, haukupita muda mrefu Bibi Khadija (R.A) na Abu Talib wakafariki, na wanachuoni wa sira wakauita mwaka huo Mwaka wa Huzuni. Mtume wa Allah alihuzunika, na hakuna Mwislamu anayethubutu kusema kuwa imani yake ilipungua. Nabii Yaqub (A.S) alihuzunika kwa kumkosa mwanawe mpaka macho yake yakaingia weupe. Basi vipi sisi tunamwambia muuza maharage kwamba huzuni yake ni dhambi?

Wanachuoni wa kale walilijua hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi kwa pamoja, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na huzuni inayomjia mtu bila sababu ya wazi, ambayo asili yake imo mwilini. Na mjini Cairo, hospitali ya Sultani Qalawun iliyojengwa mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Kwa maana hiyo, mwenye kusema kuwa hospitali ya akili ni jambo la kigeni kwa Waislamu, hakusoma historia ya Waislamu.

Hapana budi basi familia zetu zizijue dalili. Mtu mzima akikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hana furaha wala hamu ya alichokuwa akikipenda, usingizi na chakula vimeharibika, anajiona hafai, au anajitenga na watu, huyo ahesabiwe kuwa mgonjwa kama mwenye malaria. Apelekwe kituo cha afya au hospitali ya wilaya, iwe Kasulu au Kibondo. Ikibidi, huko wataelekeza Maweni, Kigoma, na hata Mirembe, Dodoma. Asomewe Qur'ani, ndiyo, na dawa anywe, kwani kisomo hakiizuii dawa. Asifungwe kamba, asipigwe, wala asitangazwe kuwa amerogwa. Na akitaja kutaka kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, sumu za shamba ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ama sisi tulio jirani, kazi yetu ni kutembeleana. Kwa kuwa ugonjwa huu kwa wengi uliingia kwa mlango wa kutengwa, hauwezi kutoka ukiachwa peke yake na dawa. Yupo bado kati yetu mtu aliyezikiwa ndugu yake mbali katika miaka ya 2020 na 2021, na hakuna aliyekwenda kukaa naye. Yupo mama aliyerudi kwao akitokea kambini, au aliyebaki, ambaye hajapata wa kumsikiliza. Tunaiomba kila familia inayosoma makala haya imtaje mtu mmoja ambaye zamani alionekana msikitini, sokoni au barazani, na sasa haonekani. Leo baada ya swala ya Ijumaa tupige hodi kwake. Tusiende na mawaidha. Tuketi, tuulize hali, na atakapoanza kusema, tunyamaze tumsikilize.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, wa mwili na wa nafsi. Wabillahi tawfiq.