SolarMal

SolarMal ulikuwa mradi wa utafiti wa kupambana na malaria kwa mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua, bila sumu ya kuua wadudu. Ulifanyika katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Viktoria, kaunti ya Homa Bay nchini Kenya, kuanzia mwaka 2012 hadi 2015. Ulisimamiwa na Chuo Kikuu cha Wageningen (Uholanzi) kwa kushirikiana na icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu yenye makao makuu Nairobi, na Taasisi ya Uswisi ya Tropiki na Afya ya Jamii.

Usuli

Vyandarua vingi hutiwa dawa za jamii ya pairethroidi. Katika maeneo mengi kandokando ya ziwa mbu wamekuwa sugu kwa dawa hizo. Mfano ni wilaya ya Muleba, mkoani Kagera (Tanzania), ambako vyandarua vilivyoongezewa PBO, kemikali inayopunguza usugu huo, vilionekana kukinga zaidi kuliko vya kawaida. Aidha, chandarua hakimsaidii mtu anayeumwa na mbu kabla ya kulala.

Jinsi mtego unavyofanya kazi

Mbu jike humtafuta binadamu kwa kufuata harufu ya mwili na hewa ya kaboni dioksidi anayotoa. Mtego huiga harufu hiyo kwa vipande vya nailoni vilivyolowekwa mchanganyiko wenye amonia na asidi laktiki. Butanoni huchukua nafasi ya kaboni dioksidi. Mbu akikaribia, feni humvuta ndani, naye hufa kwa kukosa maji. Mtego uliitwa Suna, neno la Kijaluo lenye maana ya "mbu".

Paneli ya jua iliyofungwa juu ya paa iliendesha feni, na pia iliwapa wenyeji taa na umeme wa kuchaji simu. Kwa sababu hiyo kaya zilikuwa na faida ya kuutunza mtambo.

Matokeo

Kaya zilifungiwa mitego kwa zamu ili zilinganishwe na zile zilizokuwa bado zinasubiri. Vyandarua na matibabu ya kawaida viliendelea kutumika kote. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2016: palipokuwa na mitego, idadi ya mbu aina ya Anopheles funestus ilikuwa chini kwa asilimia 69.2, na kiwango cha malaria kilikuwa chini kwa asilimia 29.8.

Hata hivyo, mitego haikuonyesha athari kama hiyo kwa Anopheles arabiensis. Pia chambo huhitaji kubadilishwa, na mitambo ya jua ina gharama. Kwa hiyo mitego huchukuliwa kuwa nyongeza ya vyandarua, si mbadala wake.