Si Mkosi: Mafundisho juu ya Motokari na Baisikeli

Kila siku kabla ya jua kuchomoza, watu wa vijiji vya kando ya ziwa Tshangalele wanashika njia ya Likasi. Huyu amefunga vikapu vya samaki nyuma ya baisikeli. Yule amepakia magunia ya makala hata yeye mwenyewe haonekani. Baisikeli, au kinga kama wengi wetu tuisemavyo, inaleta unga nyumbani, inaleta feza ya shule na ya dawa. Lakini katika njia kubwa ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi yanapita pia malori ya madini, ya mafuta na ya asidi, mchana na usiku.

Mtu wa baisikeli akigongwa, watu husema, "Ni mkosi." Wengine husema, "Siku yake ilifika," au, "Amerogwa." Tuyapime maneno haya, maana yanamficha mwenye kosa na kumwacha mtu mwingine katika hatari ile ile.

NI KITU GANI KINACHOUA?

Malaria ina chanzo, nacho ni mbu. Kipindupindu kina chanzo, nacho ni uchafu ulioingia katika maji au chakula. Kugongwa njiani nako kuna chanzo.

Chanzo kikubwa ni mwendo. Motokari inayokwenda kilometa 50 kwa saa inapita meta 14 kwa sekunde moja. Ikienda kilometa 80, inapita meta 22. Dereva akimwona mtu mbele yake, sekunde moja hivi inapita kabla mguu wake haujakanyaga breki. Kwa hiyo meta 22 zimekwisha, na motokari bado haijaanza kupunguza mwendo! Tena, mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga inazidi mara nne. Lori lenye mzigo linahitaji nafasi kubwa zaidi ili lisimame.

Vyanzo vingine ni pombe, usingizi, simu mkononi, breki mbovu, taa zilizokufa, na kumpita mtu wa baisikeli kwa karibu mno. Hakuna hata kimoja ambacho ni uchawi. Vyote vinaweza kuzuiwa.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu wapata 1,190,000 walikufa njiani duniani pote. Zaidi ya nusu yao walikuwa wenye kwenda kwa miguu, kwa baisikeli na kwa pikipiki, yaani watu wasio na bati la kuwafunika.

SHERIA INASEMA NINI?

Sheria ya makosa ya Kongo, iliyotolewa tarehe 30 Januari 1940, inasema hivi: anayeua mtu bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu, afungwe tangu miezi 3 hata miaka 2, tena alipe faini. Akimjeruhi tu, afungwe tangu siku 8 hata mwaka 1, au alipe faini tu. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba mwizi, hata asipotumia nguvu, anaweza kufungwa hata miaka 5.

Angalia jambo hili. Mtu akiiba baisikeli yako, anaweza kufungwa miaka 5. Mtu akikuua juu ya baisikeli hiyo kwa uzembe, hapiti miaka 2. Ni kweli, mwizi amekusudia, na dereva hakukusudia. Sheria ina haki kuwatenganisha. Lakini yeye aliyekunywa pombe kisha akashika usukani, je, hakujua alilolifanya? Katika Kutoka, sura ya 21, kuna sheria ya ng'ombe mwenye desturi ya kupiga watu kwa pembe. Mwenye ng'ombe akiisha kuonywa, naye asimfunge, yeye mwenyewe ana hatia mtu akifa. Lori lisilo na breki ni ng'ombe wa namna hiyo, na mwenye lori amekwisha kuonywa.

Tena mara nyingi hata adhabu hiyo ndogo haifiki. Jambo linamalizika kando ya njia: feza ya jeneza, gunia la unga, basi. Hatuwalaumu wafiwa, wana njaa, na tribunali ni mbali. Wengine husema, "Sisi ni Wakristo, tumesamehe." Kusamehe ni kuzuri. Lakini kusamehe si kuficha. Dereva aliyesamehewa bila kuandikwa popote, kesho atapita katika njia ile ile kwa mwendo ule ule, na mtoto wa jirani yako atakuwa juu ya baisikeli.

UFANYE NINI UKIWA DEREVA?

Punguza mwendo penye vijiji na masoko. Ukitaka kumpita mtu wa baisikeli, mwachie nafasi ya meta moja na nusu. Kama nafasi hakuna, ngoja nyuma yake. Usiendeshe ukiwa umekunywa au umechoka. Tajiri wako akikupa lori bovu, kataa. Ukimgonga mtu, usikimbie.

UFANYE NINI UKIWA NA BAISIKELI?

Shika upande wa kuume, kama motokari. Tengeneza breki kabla ya safari. Mzigo usipite upana wa usukani. Usiku uwe na taa, na kitu cha kung'aa nyuma ya mzigo. Vaa nguo nyeupe. Ukiweza kupata kofia ngumu, ivae, maana jeraha la kichwa ndilo linaloua wengi.

MTU AKIGONGWA

1. Zuia motokari nyingine kwanza, usije ukagongwa nawe.
2. Damu ikitoka sana, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, wala usiachilie.
3. Usimvute kwa mikono. Kichwa, shingo na mgongo vikae katika mstari mmoja. Akiwa amezimia naye anapumua, watu wawili au watatu wamgeuze ubavu polepole pamoja.
4. Usimpe maji wala chakula.
5. Asidi ikimmwagikia, mwoshe kwa maji mengi kwa muda mrefu. Februari 2019, upande wa Tenke, lori la asidi liligongana na magari mengine. Watu wapata 20 walikufa.
6. Aliyepigwa kichwa, hata akisimama na kusema, aangaliwe siku mbili. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kiasi, akipotewa na maneno, au damu au maji yakimtoka sikioni, apelekwe hospitali upesi.

Kisha andika namba ya motokari, saa, mahali na majina ya walioona. Ita polisi, ukaombe jambo liandikwe. Tangu mwaka 1973 sheria inamlazimisha kila mwenye motokari kuwa na bima ya kuwalipa wanaoumizwa. Lakini bila maandishi ya polisi ni vigumu sana kuidai. Kupokea msaada wa mazishi si kosa. Ila usitie sahihi, wala kidole, katika karatasi ya kumaliza jambo kabla mtu unayemwamini hajakusomea.

Wazee wa kijiji na wa kanisa, mkiitwa kusuluhisha, ulizeni kwanza swali hili: dereva huyu ameandikwa wapi? Anayekwenda sokoni kesho anategemea jibu lake.