Rangi Kwenye Nyuzi: Njia Rahisi ya Kuwaanzisha Watoto Muziki



Vikundi kadhaa vya upande wa Kitale na Bungoma vimetuuliza swali moja: watoto wanataka kujifunza kupiga ala za nyuzi, na mwalimu ni mmoja tu, je, tuanzeje? Leo tunaeleza njia ambayo sisi wenyewe tumeijaribu, pamoja na makosa tuliyofanya, ili ninyi msiyarudie.

SHIDA ILIVYO

Jumamosi ya kwanza watoto wanajaa. Jumamosi ya tatu wamebaki wanne. Si uvivu. Mwalimu anasema, "Gusa uzi wa tatu." Mtoto mmoja anahesabu kutoka juu, mwenzake anahesabu kutoka chini. Kabla hawajaupata, wimbo umeshapita. Wakirudi nyumbani hawana wa kumuuliza.

Na huku wazee wanaojua litungu umri unaenda. Mzee akituacha na nyimbo zake bila kumwachia mtu, hiyo ni hasara ambayo hakuna harambee itakayoirudisha.

RANGI INASAIDIA VIPI?

Wazo lenyewe si geni. Wapigaji wa vinubi vikubwa vya Ulaya, vyenye nyuzi 47, hutumia nyuzi za rangi mpaka leo. Kila uzi wa sauti ya C ni mwekundu, na kila uzi wa F ni mweusi au buluu. Hawa si watoto, ni mafundi. Jicho linapata alama, na mkono unafuata.

Kwetu tuna ala mbili za kufikiria. Ya kwanza ni litungu la Wabukusu, ambalo kwa kawaida lina nyuzi 7. Kwa mtoto anayeanza, kila uzi una sauti yake moja. Kwa hiyo ukiweka rangi kwenye uzi, umeiweka kwenye sauti yenyewe.

Ya pili ni ukulele (si ukelele, ingawa watoto wakiishika mara ya kwanza ni karibu kitu kimoja!). Ni gitaa dogo la nyuzi 4. Mababu zake waliletwa Hawaii mwaka 1879 na wahamiaji waliotoka kisiwa cha Madeira cha Wareno. Hapa rangi inaonyesha uzi tu, kwa sababu ukibonyeza shingoni sauti inabadilika.

Ninyi mnaoimba kwa solfa mtafurahi. Ukulele ikitegwa kwa mtindo wa kawaida, ukaishika tayari kupiga, nyuzi zake kuanzia ule ulio karibu na uso wako ni so, do, mi, la. Bonyeza uzi wa la kwenye nafasi ya 3, nayo inageuka kuwa do ya juu. Sasa piga nyuzi zote nne: so, do, mi, do. Hiyo ni kodi kamili kwa kidole kimoja! Mtoto anaweza kuipata siku ya kwanza, akaenda nyumbani anacheka.

JINSI YA KUFANYA

1. Tegeni ala kwanza. Rangi haitengenezi sauti. Nyuzi mpya za nailoni hulegea, kwa hiyo angalieni kila mara kabla ya somo. Litungu litegwe na mzee anayelijua, kufuatana na sauti ya mwimbaji.

2. Msipake rangi uzi wote. Rangi ya kupaka inaongeza uzito, na uzi mzito unatoa sauti nyingine. Chukueni uzi wa sweta, mfunge kipande kifupi juu kabisa, pale uzi wa ala unapofungiwa, mahali ambapo hautetemi.

3. Kwa ukulele tumieni rangi nne: so nyeupe, do manjano, mi buluu, la nyeusi. Wekeni pia alama ndogo nyeusi shingoni, pale kidole kinapobonyeza uzi wa la.

4. Kwa litungu msiweke rangi saba. Saba ni nyingi, zinachanganya. Tieni alama uzi wa 1, wa 4 na wa 7 tu. Zile nyingine mtoto atazipata kama anavyoipata nyumba ya jirani.

5. Andikeni maneno ya wimbo kwenye karatasi kubwa, hata ya mfuko wa simiti, na chini ya neno wekeni doa la rangi. Itundikeni ukutani. Sasa mwalimu mmoja anatosha watoto wengi, na aliyeelewa anamsaidia mwenzake.

KOSA LETU

Mwanzoni tulitumia nyekundu na kijani. Kijana mmoja alikuwa anakosea nyuzi hizo mbili kila siku. Tulimwita mkaidi. Tulimweka nyuma. Akaacha kuja.

Tulipomtembelea, mama yake akatuambia, "Mwalimu, huyu hata nikimtuma nyanya shambani, analeta mbichi na zilizoiva pamoja. Nimemchapa mpaka nimechoka."

Kumbe mtoto hatofautishi nyekundu na kijani! Hali hii mtu huzaliwa nayo, na huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana. Si ukaidi wala ujinga. Tulimwomba msamaha, na mama yake naye akanyamaza muda mrefu.

Tangu siku hiyo tunaepuka kuweka rangi hizo mbili pamoja. Tena tunaongeza mafundo kwenye vipande vya uzi wa sweta: fundo moja, mawili, matatu, manne. Hata mtoto asiyeona kabisa anapapasa na kujua yuko wapi. Kijana yule alirudi, na mafundo ndiyo yaliyomfundisha.

RANGI ZIONDOKE

Jambo la mwisho, na msilisahau. Rangi ni kama mti wa kuegemeza mche wa nyanya: mche ukishika, mti unaondolewa. Mtoto akizoea kutazama tu, masikio yake yatalala. Kwa hiyo kila somo, wimbo ukishajulikana, waambieni wafumbe macho na waupige tena. Waimbe solfa kabla ya kugusa uzi. Akiweza wimbo mmoja macho yakiwa yamefumbwa, fungueni alama moja. Akiweza wa pili, fungueni nyingine. Bandu bandu, huisha gogo.

Vile vipande vya uzi msivitupe. Viwekeni kwenye mkebe. Aliyefunguliwa alama zote, kazi yake ya kwanza ni kuzifunga kwenye ala ya mtoto anayeanza na kukaa naye.

Kisha mpelekeeni mzee mtoto huyo. Asiende mikono mitupu. Aende akiwa tayari anajua nyuzi, ili mzee asipoteze muda kwa kuhesabu, bali amfundishe kile ambacho hakuna rangi inayoweza kukionyesha: lini kupiga polepole, na wimbo huu ulikuwa wa nani.

Mkijaribu, tuandikieni. Hasa mtuambie mlipokosea.