Fahamu: Gari la halmashauri likichakaa huenda wapi?

Nchini Tanzania, gari lenye namba za SM ni mali ya serikali za mitaa. Likichakaa, mkurugenzi wa halmashauri hawezi kumuuzia jamaa yake. Hukaguliwa, likathaminiwa, kisha likapigwa mnada wa hadhara. Jipya huagizwa kupitia GPSA, wakala wa ununuzi serikalini.

Kwa nini lisitengenezwe tu? Lori la taka likilala gereji wiki nzima, dereva bado analipwa mshahara, vipuri vinanunuliwa, na taka zinaoza mtaani. Hasara hiyo ya mwisho haimo kwenye ankara ya fundi.

Tatizo ni kuchelewa. Magari mengi huachwa uani mpaka yaote nyasi, ndipo dalali aitwe. Yangeuzwa yangali yanawaka, halmashauri ingepata zaidi ya bei ya chuma chakavu.