Tai Mwenye Kula Ngazi

Ndugu musomaji, ukitoka mujini na kufika kando ya mto, inua macho juu ya miti ya ngazi. Pengine utaona ndege mukubwa mweupe, mabawa yana weusi, ngozi nyekundu imezunguka macho. Wengi wanasema: "Ni tai wa samaki." Hata mimi nilisema vile mbele ya vijana, na mutoto mumoja akaniuliza: "Pasta, mbona anakula ngazi?" Mutoto njo alikuwa na haki. Yule alikuwa ndugu ya tai wa mizoga.

Angalia vizuri: tai wa samaki tumbo lake ni la kahawia, mukia mweupe. Huyu tumbo ni jeupe, mukia mweusi wenye ncha nyeupe. Anakula pia kaa na samaki, lakini ngazi njo chakula chake kikubwa.

Ndugu zake wenye kula mizoga wako katika hatari. Kule Botswana, mwaka 2019, wawindaji walitia sumu ndani ya nyama ya tembo, tai 537 wakakufa. Sababu? Tai wakizunguka juu, walinzi wanajua pahali tembo ameuawa.

Basi vijana, mukimuona wa ngazi, manati ibaki mufukoni. Mutuandikie ni kwenye mto gani. Lakini muangalie mukia kwanza!