Chombo cha Kujumlishia

Mwaka 1976, katika Umoja wa Kisovieti, mwanahisabati Alexander Stepanov alilazwa hospitali. Samaki mbichi aliyemla alikuwa amemdhuru vibaya hadi akawa anaweweseka, na katika kuweweseka huko likamjia wazo: kazi ya kujumlisha inaweza kugawanywa ifanyike sehemu nyingi kwa wakati mmoja, kwa kuwa haidhuru uanze na jozi ipi. Jumlisha 2 na 3, kisha 4. Au jumlisha 3 na 4 kwanza, kisha uongeze 2. Jibu ni 9. Basi siri haimo katika namba, imo katika tabia ya tendo lenyewe, na chochote chenye tabia hiyo, hata maneno yanayounganishwa, kinaweza kupita kwenye kanuni ileile moja.

Baadaye, akiwa Marekani katika maabara za Hewlett-Packard, Stepanov na Meng Lee waliandika maktaba ya kanuni za namna hiyo. Kamati ya lugha ya programu ya C++ iliikubali mwaka 1994. Katika kiwango rasmi cha 1998, sehemu yake iitwayo numeric ilikuwa na kanuni nne tu.

Maarufu kati ya hizo ni accumulate. Unaipa mahali orodha inapoanzia, mahali inapoishia na thamani ya kuanzia, nayo hujumlisha. Hapo kwenye thamani ya kuanzia ndipo wengi wameumia.

Chukua muuza maziwa aliyeuza lita 1.5, kisha 2.5, kisha 3.5. Anzia na 0, na kompyuta itajibu 6. Sita? Jumla ni 7.5! Kisa ni kwamba 0 isiyo na nukta ni namba kamili, na aina ya thamani ya kuanzia ndiyo chombo cha kukusanyia. Chombo hiki hakishiki vipande: 1.5 inabaki 1, ikiongezwa 2.5 inakuwa 3.5, inabaki 3, ikiongezwa 3.5 inakuwa 6.5, inabaki 6. Nusu lita imemwagika mara tatu, na kompaila, yaani kitafsiri cha programu, mara nyingi haisemi kitu. Andika 0.0, na maziwa yote yatabaki chomboni.

Wazo la kitanda cha hospitali lilifika kwenye maktaba hiyo kwa ukamilifu mwaka 2017, ilipoongezwa reduce. Accumulate hutembea hatua kwa hatua toka mwanzo wa orodha. Reduce ina ruhusa ya kuipangua orodha na kuigawia prosesa kadhaa. Ole wake anayeipa kazi ya kutoa: 9 kutoa 4, kisha kutoa 2, ni 3, lakini ukianza na 4 kutoa 2, ukaitoa hiyo kwenye 9, unapata 7.

Na kumbe hata kujumlisha kuna walakini, namba zikiwa za desimali. Kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2, kisha 0.3, kwa kawaida hutoa 0.6000000000000001. Ikianza na 0.2 na 0.3, kisha ikaongeza 0.1, hutoa 0.6.