Mstari wa Pili kwenye Kipimo cha Malaria

Katika zahanati za Homa Bay na Migori, kando ya Ziwa Victoria, mhudumu humchoma mtoto kidoleni, hudondosha damu kwenye kipimo cha haraka, kisha hungoja dakika 15 hadi 20. Mistari miwili ikitokea, jibu ni malaria. Kwa kijiji kisicho na darubini, hii ni hazina.

Wekundu wa mistari hutokana na chembechembe za dhahabu zilizobandikwa kingamwili za aina moja tu, zinazonasa protini ya kimelea. Georges Köhler na César Milstein walibuni mbinu ya kuzizalisha huko Cambridge mwaka 1975.

Protini hiyo hubaki damuni wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, hivyo kipimo kikirudiwa mapema, mstari wa pili hauthibitishi kwamba dawa imeshindwa.